Sufuria Iliyolala Vuguvugu

"Nyama aliigawa nani?"

Swali hilo liliulizwa na baba mkubwa katika kikao cha ukoo kilichoitishwa baada ya watu kuugua kwa chakula cha kipaimara cha mtoto wetu huko Machame, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, na hakuna aliyelijibu kwa mdomo. Watu waligeuza macho tu. Macho yote yalikwenda kwa mama mdogo, mke wa mdogo wake baba, ambaye Jumapili ile alisimama nyuma ya sufuria ya ndizi nyama akiwa na upawa mkononi tangu mgeni wa kwanza alipopanga foleni mpaka wa mwisho alipokwenda kukaa. Sasa alikuwa kwenye benchi karibu na mlango, amejifunga kanga mabegani, bado amedhoofika, kwa sababu yeye mwenyewe aliugua usiku uleule kama wenzake.

Kuugua kwake hakukumsaidia.

"Alionja kidogo ili asishukiwe," mtu mmoja alinong'ona nyuma yangu.

Msomaji wa huku hahitaji kuelezwa jinsi mipaka ya kihamba, shamba la urithi la ukoo, inavyoweza kuwatenganisha ndugu. Itoshe kusema kwamba mgogoro ulikuwapo kabla ya sherehe, na ugonjwa ulipotokea, wenye mgogoro walipata ushahidi waliokuwa wakiutafuta siku nyingi. Kikao kiliisha bila hukumu, lakini mama mdogo aliondoka akiwa ameshahukumiwa.

Wiki kadhaa zimepita na swali la baba mkubwa bado linanisumbua. Kadiri ninavyolitafakari ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba kikao kizima kilipaswa kuuliza jambo jingine: nyama ile ilikaa wapi tangu ilipoiva, kwa saa ngapi, na ikiwa na joto kiasi gani.

## Usiku wa Jumapili

Tulikula saa 8 mchana, wageni walipokwisha kurudi kutoka kanisani na risala kusomwa. Mchana wote ulipita salama, na jioni watu waliagana kwa furaha. Ugonjwa ulianza kati ya saa 5 usiku na alfajiri, nyumba hii na ile, na kila familia ilidhani ni kwake peke yake mpaka simu zilipoanza kuita. Kilichowashika kilikuwa kimoja: tumbo kusokota kwa maumivu makali, kisha kuharisha majimaji mfululizo. Waliotapika walikuwa wachache mno, na homa hatukuisikia kwa mtu yeyote. Kufikia Jumatatu jioni wengi walikuwa wameanza kunywa uji, na Jumanne vijana walirudi kazini.

Aliyetutia hofu ni shangazi mmoja, mtu mzima mwenye kisukari, ambaye alipoteza maji mengi hadi akalazwa na kutundikiwa dripu. Yeye ndiye sababu ninakataa kuliita jambo hili "tumbo la sherehe", kama wanavyofanya wengi, kana kwamba kuharisha ni sehemu ya ratiba baada ya keki na zawadi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2015 kwamba chakula kisicho salama huua watu 420,000 duniani kila mwaka, na karibu theluthi yao ni watoto wa chini ya miaka 5. Kwa idadi ya watu, mzigo mzito zaidi uko Afrika. Wengi hupona kwa siku moja. Mzee, mtoto mchanga na mgonjwa wa muda mrefu huenda wasipone.

Katika zahanati moja, baadhi ya wagonjwa wetu waliambiwa wana taifodi na kuandikiwa vidonge. Taifodi haiji kwa usiku mmoja. Bakteria wake, Salmonella Typhi, kwa kawaida hukaa mwilini wiki 1 hadi 3 kabla ya homa kujitokeza, kwa hiyo chakula cha Jumapili mchana hakiwezi kumwangusha mtu kwa taifodi Jumapili usiku. Anayeambiwa hivyo hupewa jina la ugonjwa na kunyimwa sababu yake, na asiyepewa sababu huitafuta kwa jirani.

## "Kilichemka vizuri"

Hoja iliyommaliza mama mdogo haikuwa ya kijinga. Ilitolewa na babu, mzee ninayemheshimu, naye aliitoa kwa upole.

"Kitu kilichochemka saa tano nzima, mwanangu, kitabaki na mdudu gani hai?"

Fuata hesabu yake uone inavyokwenda. Kama moto uliua kila kitu, basi kilichotudhuru kiliingia baada ya moto. Aliyekuwa na sufuria baada ya moto ni mgawaji. Kwa hiyo kuna mkono wa mtu. Nilikosa la kumjibu siku ile, kwa maana imani yake juu ya moto ndiyo ileile tuliyofundishwa sote: chemsha maji, chemsha maziwa, pika nyama mpaka iive ndani. Mafundisho hayo ni sahihi. Salmonella wa kwenye kuku na mayai, Campylobacter, na E. coli wa kwenye kinyesi cha ng'ombe, wote hufa chakula kinapofikia nyuzi joto 70 za sentigredi mpaka katikati. Sisi wa milimani, penye mita zaidi ya 1,400 juu ya usawa wa bahari, maji yetu huchemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100, lakini hata hizo zinawatosha hao na kubaki.

Shaka ilinianza kwenye jambo dogo. Kama ni sumu iliyowekwa, ni sumu gani hiyo inayongoja? Sumu inayopatikana kwa urahisi katika nyumba zetu ni ile ya kupulizia wadudu wa kahawa, na nyingi ya dawa hizo mtu akizimeza huanza kumtesa ndani ya dakika chache au saa chache: jasho, mate kumtoka, kutapika, mboni za macho kusinyaa, pumzi kumpanda. Sisi tulimaliza saa tisa na zaidi tukicheza muziki, tukapanda magari, tukalala. Kisha tumbo likaanza.

Ucheleweshaji ule ulikuwa unasema kitu.

## Saa zilizobaki kwenye simu

Nilikuwa katibu wa kamati, na kundi letu la WhatsApp lilikuwa na ujumbe kwa kila hatua, kwa sababu mwenyekiti alitaka kuarifiwa kila senti inapotumika. Nilirudi nikausoma upya kwa nia nyingine kabisa, nikizitazama saa zilizoandikwa chini ya kila ujumbe.

Jumamosi saa 4 asubuhi: "Dume limeshachinjwa." Saa 11 jioni: picha ya sufuria kubwa juu ya mafiga, nyama imejaa karibu na ukingo. Saa 4 usiku: "Nyama imeiva, wapishi wapumzike, kesho tunamalizia." Jumapili saa 1 asubuhi moto uliwashwa kwa ajili ya pilau. Saa 5: "Nyama inaingia kwenye ndizi."

Kutoka saa 4 usiku hadi saa 5 asubuhi ni saa 13.

Nilikwenda Kiboriloni kumwona mpishi tuliyemkodi, mama mwenye miaka mingi katika kazi hii, nikamwomba anisimulie usiku ule bila kumtuhumu kwa lolote. Hakuficha kitu. Alisema walivuta kuni, wakaacha makaa machache, wakaifunika sufuria kwa mfuniko, na juu ya mfuniko wakatandaza majani ya mgomba na gunia ili joto lisipotee, maana usiku wa kule juu una baridi. Asubuhi alipoamka alishika ubavu wa sufuria kwa kiganja.

"Ilikuwa bado vuguvugu," alisema, "nikashukuru Mungu. Nikajua haijalala baridi, haijaharibika."

Aliposema neno hilo nilibaki nimemtazama. Kwake vuguvugu lilikuwa dalili ya usalama, na angekuwa bibi yangu au mama yangu angesema vivyo hivyo. Chakula kilicholala baridi ndicho tunachokiogopa. Nyama haikuwa na harufu, wala povu, wala utelezi. Aliionja akaiona tamu.

Nikamuuliza ilivyopashwa moto. Akasema ndizi zilichemka peke yake mpaka zikaiva, kisha nyama na mchuzi wake vikamiminwa juu, vikafunikwa vipate joto kutoka chini, bila kukoroga sana ili ndizi zisipondeke. Mtu yeyote aliyewahi kupika machalari, yaani ndizi nyama zetu, ya watu mia mbili anaelewa kwa nini. Ukizikoroga, unagawa uji.

## Anayeamshwa na moto

Yuko bakteria anayeitwa Clostridium perfringens. Makazi yake ni udongo na utumbo wa wanyama na wa watu, kwa hiyo mnyama anapochinjwa chini ya mgomba ni vigumu kabisa nyama ikakosa wachache. Hali inapokuwa mbaya kwake hujifunga katika ganda gumu na kuwa spora, akatulia humo kama mbegu ya maharage inayosubiri mvua. Spora za baadhi ya aina zake huvumilia kuchemshwa kwa saa moja na zaidi.

Hapa ndipo hesabu ya babu ilipovunjika mikononi mwangu. Moto uliwaua wote waliokuwa wazi, wakiwemo bakteria wengine ambao wangegombania chakula naye. Uliifukuza oksijeni ndani ya mchuzi, na bakteria huyu hapendi oksijeni. Kisha joto lenyewe likaziamsha spora. Sufuria iliachwa bila mshindani, bila hewa, imejaa supu nzito ya nyama, ikishuka polepole kutoka kwenye nyuzi 95 kuelekea kwenye vuguvugu.

Huota tangu nyuzi 50 kwenda chini, na kasi yake kubwa ni karibu na nyuzi 45, ambapo anaweza kujigawa kila baada ya dakika 10 au pungufu. Fanya hesabu hiyo kwenye karatasi: mmoja anakuwa 2, wanakuwa 4, wanakuwa 8. Baada ya saa 1 ni 64. Baada ya saa 3 ni zaidi ya 262,000. Sisi tulimpa usiku mzima, tukamfunika kwa gunia.

Sufuria ndogo ya nyumbani hupita eneo hilo la joto haraka. Sufuria ya sherehe haipiti. Mchuzi wa pembeni hupoa, lakini katikati ya vipande vilivyobanana joto halina pa kutokea, na baridi ya mlima haifiki huko.

Mtu anapokula nyama yenye mamilioni ya bakteria hao walio hai, hufika utumbo mwembamba, na huko wanapoanza tena kujifunga kuwa spora huachia sumu yao. Ndiyo maana ugonjwa hukawia. Kwa kawaida huja kati ya saa 6 na 24 baada ya mlo, aghalabu saa 8 hadi 12: tumbo kusokota na kuharisha, kutapika kidogo au hakuna, homa hakuna, na kwa walio wengi huisha ndani ya siku moja. Niliposoma maelezo hayo nilihisi kama mtu ameandika habari za ukoo wetu.

Wala si jambo jipya. Mwaka 1953 Betty Hobbs na wenzake nchini Uingereza walichapisha uchunguzi wao kuhusu bakteria huyu, wakati huo akiitwa Clostridium welchii, na picha waliyoikuta ilijirudia: nyama iliyopikwa jana yake kwa wingi, ikaachwa ipoe polepole, ikaliwa kesho yake baridi au baada ya kupashwa moto kidogo. Walikuwa wakizungumzia majiko yanayolisha watu wengi kwa pamoja. Jiko letu la Machame liliingia katika maelezo hayo bila kubadilishwa kitu.

## Mashaka yangu

Sikuwa na kipimo cha maabara. Chakula kilichobaki kilimwagwa Jumatatu asubuhi, na hakuna mgonjwa aliyechukuliwa sampuli ya choo. Kwa hiyo nililazimika kujihoji kama nami sikuwa nikimtafuta mkosaji wangu nimpendaye, kama wengine walivyokuwa na wao.

Nilianza kuuliza watu walikula nini. Si nani alikugawia, bali ulipakua nini. Watoto waliokaa na pilau, kuku na soda hawakuugua. Meza kuu waliletewa nyama choma na pilau, ndizi hawakuzigusa, nao walilala vizuri. Mjomba mmoja ambaye hali nyama ya ng'ombe alihudumiwa na mama mdogo mwenyewe, kwa mikono ileile, akapewa kuku na wali kutoka kwenye sufuria za jirani yake, na hakupatwa na lolote. Walioangushwa walikuwa wa ndizi nyama. Mkono ule ulipita kwenye vyakula vyote. Ugonjwa ulifuata sufuria moja.

Niliwafikiria na bakteria wengine. Staphylococcus aureus hukaa puani na kwenye vidonda vya vidole, na anaweza kuingia chakulani kupitia mikono ya mpishi, kisha akatengeneza sumu yake humohumo chakulani. Lakini sumu hiyo huwahi: kutapika huanza ndani ya saa chache, mara nyingi kabla ya saa 6. Mwaka 1914, nchini Ufilipino, M. A. Barber alikunywa mwenyewe maziwa yaliyokaa bila ubaridi ili kuthibitisha kwamba ndiyo yaliyokuwa yakiwaumiza watu wa shamba moja, na ugonjwa ulimpata. Wetu ulichelewa mno kuwa huo.

Aliyenitatiza zaidi ni Bacillus cereus. Naye hujifunga kuwa spora, naye huokoka mchemko, na hupenda vyakula vya wanga: wali, viazi, unga. Ana ugonjwa wa aina mbili. Mmoja ni wa kutapika, unaokuja haraka, na mara nyingi huhusishwa na wali uliolala nje. Wa pili ni wa kuharisha, unaochelewa saa 8 hadi 16, na kwa dalili huo haupishani sana na wa perfringens. Steinar Hauge, mtafiti wa Norway, alikutana naye Oslo mwishoni mwa miaka ya 1940 katika sosi ya vanila iliyopikwa jana yake na kuachwa bila ubaridi. Alimwotesha bakteria huyo kwenye sosi kama ile, akainywa, na saa kadhaa baadaye tumbo lake likampa jibu.

Siwezi kuapa, basi, kwamba wetu alikuwa perfringens na si cereus. Hata hivyo wote wawili wanamtaka mpishi awatendee jambo lilelile: apike kingi, afunike, aache kipoe polepole usiku kucha. Tofauti yao inahusu kupasha moto. Perfringens waliokwisha kuota hufa nyama ikichemshwa upya mpaka katikati, kwa hiyo mchuzi ule ungetokota kweli saa 5 asubuhi huenda tusingeugua. Ile sumu ya cereus ya kutapisha, pamoja na ya Staphylococcus, ikishatengenezwa chakulani haiondolewi kwa kuchemsha. Unachemsha chakula, bakteria wanakufa, sumu inabaki sahanini. Kwa sababu hiyo siwezi kumwambia mtu "pasha tu moto vizuri" na kumwacha hapo. Kilichowahi kukaa vuguvugu usiku kucha kimwagwe, hata kama kinauma mfukoni.

## Bibi

Nilikwenda kwa babu na karatasi yangu ya saa. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema sisi tumekula hivi miaka yote na hatukufa.

Bibi, aliyekuwa akimenya ndizi pembeni, ndiye aliyemjibu. Alisema hatujala hivi miaka yote. Zamani mnyama alichinjwa, akagawanywa, kila nyumba ikachukua fungu lake na kupika siku hiyohiyo kwenye chungu chake. Hakukuwa na sufuria ya kuingia mtoto ndani. "Hizo mmeleta nyinyi na turubai zenu," alisema, akaendelea na ndizi zake.

Babu hakusema kitu. Ila siku chache baadaye alimpelekea mama mdogo mkungu wa ndizi, na kwa mtu anayemfahamu babu, huko si kunyamaza.

Wengine hawajafanya hivyo. Baba mkubwa ananiambia elimu ni nzuri lakini kuna mambo elimu haiyaoni. Mama mdogo mwenyewe aliniuliza jambo moja tu: kama karatasi hiyo nitaisoma mbele ya watu wote waliokuwapo siku ya kikao, au nitamsomea yeye peke yake jikoni kwake. Tangu siku ile hajaitwa kushika upawa kwenye shughuli yoyote, na msiba wa mwezi uliopita alikaa na wageni kama mtu wa mbali. Nimemwahidi nitaisoma kikaoni.

## Gharama ya usiku

Kanuni ya kitabuni ni fupi: chakula kikiiva, kikae juu ya nyuzi 60 mpaka kiliwe, au kipoozwe upesi hadi chini ya nyuzi 5, nje kisikae zaidi ya saa 2. Lakini jikoni kwetu hakuna friji ya kuimeza nyama ya dume zima, na Desemba, familia zote zinaporudi nyumbani, hata zile za kukodi mjini hazipatikani. Nilirudi Kiboriloni kumuuliza mpishi kipi kinawezekana, na yeye, akishaelewa adui ni nini, alikuwa mwepesi kuliko mimi. Alisema nyama inaweza kubaki mbichi usiku kwenye baridi ya buchani kwa malipo, na kupikwa kuanzia saa 8 usiku, iive asubuhi na isishuke motoni mpaka wageni wakae. Ikibidi kupika jana yake, itolewe kwenye mchuzi, itandazwe kwenye masinia mapana isirundikane, mchuzi ugawanywe kwenye sufuria ndogo zenye mifuniko, na sufuria hizo ziwekwe ndani ya mfongo, mfereji wetu wa asili, maji ya mlima yakipita ubavuni bila kuingia ndani. Kisha ihifadhiwe kwenye ubaridi. Na asubuhi mchuzi utokote kwanza, peke yake, ndipo ndizi ziingie.

Aliniambia pia bei. Wapishi wa usiku hulipwa zaidi, kuni zinaongezeka, buchani nao wanataka chao. Jumla yake haifiki hata nusu ya tulichomlipa mpiga muziki.

Kamati ya harusi ya Desemba imeshakaa mara ya kwanza. Mwenyekiti ni yuleyule, na suala la kupika usiku ameliweka mwisho wa ajenda, baada ya turubai, mapambo, muziki na vinywaji. Nimemwandikia barua, kama katibu, nikiomba liwe la kwanza, na kwamba siku litakapojadiliwa mama mdogo na mpishi wote wawili wawepo.